Maneno Magumu ya Kiingereza Tayari Yako Kabingo

Kijana mkimbizi wa Kabingo, wilayani Isingiro, Uganda, akishaamua kwamba mwaka huu atajaribu mtihani wa kuingia chuo kikuu, kitu cha kwanza anachopewa na wenzake huwa ni orodha. Mara nyingi ni fotokopi ya fotokopi, wino umefifia, maneno yamepangwa kuanzia A hadi Z: abate, aberration, abhor, abstruse. Jioni anakaa nayo kwenye mwanga wa taa ya sola, anakariri maneno ishirini, kesho yake ishirini mengine, na akifika herufi D yale ya A yameshamtoka. Wengi huishia hapo, na kibaya zaidi huondoka wakiamini kwamba hawana kichwa cha lugha. Naipinga hukumu hiyo kwa nguvu zangu zote. Orodha ndiyo mbovu, na fikra iliyoizaa ni mbovu zaidi: kwamba mwanafunzi aliyekimbia kutoka Kongo au Burundi, kutoka Bukavu, Goma, Uvira au Bujumbura, anaanza Kiingereza kutoka sifuri. Sehemu kubwa ya maneno yanayoitwa magumu katika mitihani hii anayo tangu alipokuwa mtoto, kwa Kifaransa. Hakuna aliyemwambia.

Tuitazame kwanza mitihani yenyewe, maana orodha nyingi zinazozunguka zilitungwa kwa ajili ya mtihani ambao haupo tena. SAT ya Marekani ilianza mwaka 1926, na kwa miaka mingi ilipima msamiati waziwazi. Mtahiniwa alipewa neno akatafuta kinyume chake, au akapewa jozi ya maneno akatafuta jozi nyingine yenye uhusiano uleule. Maswali ya kinyume yaliondolewa 1994, ya jozi yakaondolewa 2005, na ya kujaza sentensi kwa mtindo wa zamani yakafuata 2016. Ile orodha maarufu ya Barron's yenye maneno 3,500 ilikuwa na kazi katika enzi hizo. Tangu Machi 2023 watahiniwa walio nje ya Marekani wanafanya SAT ya kompyuta. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yaani kama sekunde 71 kwa swali, na kila swali lina kifungu chake kifupi cha maneno 25 hadi 150. Msamiati haujaondoka, tena ndio unaofungua kila moduli. Ila sasa unaulizwa ndani ya kifungu: ni neno lipi linalojaza pengo hili kwa mantiki na usahihi zaidi?

UACE, mtihani wa Uganda wa kumaliza sekondari ya juu, ambao kwa vijana wengi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi ya hapa Isingiro, ndio mlango wa kweli kuliko SAT, unakwenda mwendo huohuo. Katika somo lake la General Paper kuna kifungu kirefu chenye maswali ya ufahamu na ufupisho, kisha mtahiniwa anatakiwa aeleze maana ya maneno na mafungu ya maneno jinsi yalivyotumika katika kifungu, kwa maneno yake mwenyewe. Aliyekariri maana moja ya kamusi, na maana hiyo isiafikiane na kifungu, anapoteza alama hata kama kamusi inamuunga mkono. Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo, ambao vyuo vingi vya nje vinaupokea, una zoezi linalokaribia orodha zaidi. Neno moja linatokea kwenye kioo na mtahiniwa ana sekunde chache kusema kama ni la Kiingereza au limebuniwa. Hata hapo anayesoma sana humshinda anayekariri, kwa sababu macho yake yameshazoea maumbo ya maneno kabla akili haijaulizwa.

Nitaweka swali moja mezani, nililolitunga mwenyewe kwa mtindo wa SAT, kuhusu jambo ambalo kila mkulima wa Isingiro analijua. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na dawa yake ni kukata na kung'oa. Swali ni hili: "Cutting down every diseased plant seemed wasteful to many banana farmers, but agronomists insisted that the measure was ______, since a single infected stem could spread the disease to a whole plantation." Majibu manne ni lavish, prudent, belated na futile.

Jibu ni prudent. Sasa tazama mahali ambapo mwanafunzi wa Bukavu anakwama. Neno prudent halimsumbui hata kidogo, kwani ni neno la Kifaransa lenye tahajia ileile na maana ileile. Agronomists ni agronomes. Infected ni infecté. Futile nayo si ngeni kwake, maana Kifaransa kina futile, ingawa huko inaelekea zaidi kwenye jambo la upuuzi. Kinachomwangusha ni wasteful. Asipojua kwamba wasteful ni kutapanya mali, hawezi kuona kwamba but imegeuza hukumu ya wakulima, wala kwamba since inaleta sababu ya hukumu mpya. Neno ambalo mwalimu wa Kiingereza angeliweka katika orodha ya maneno magumu analo tayari. Neno ambalo mwalimu huyohuyo angelipita bila kulitazama ndilo lililomnyima alama.

Chanzo cha hali hii ni historia ya Uingereza yenyewe. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na kwa karibu karne tatu lugha ya ikulu na mahakama ikawa Kifaransa. Hata sheria ya mwaka 1362 iliyoamuru mashauri yasemwe kwa Kiingereza ilitungwa kwa sababu watu wa kawaida hawakuelewa kilichosemwa mahakamani. Kiingereza kikabaki na tabaka mbili. Maneno ya jikoni na shambani yalitoka kwenye lugha ya kale ya wenyeji, ya jamii ya Kigermaniki. Maneno ya sheria, ya dini, ya elimu na ya heshima yalitoka Kifaransa, na baadaye Kilatini chenyewe. Mtoto wa Kiingereza anajifunza begin akiwa bado mdogo, kisha anasubiri sekondari kujifunza commence. Mtoto wa Bukavu aliambiwa commencez na mwalimu wake wa darasa la kwanza. Endelea hivyohivyo: Mwingereza anaanza na short-lived na kupanda hadi ephemeral, anaanza na needless na kupanda hadi superfluous, anaanza na tireless na kupanda hadi indefatigable. Kijana mwenye éphémère, superflu na infatigable kichwani anazijua hizo za juu, na ngazi za chini ndizo zinazomshinda.

Hili linapimika. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, alichambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5 na kupata familia za maneno 570 ambazo, ukiacha maneno ya kawaida kabisa, zinajirudia katika masomo mengi tofauti. Familia hizo zinabeba takriban asilimia 10 ya maneno yote katika kitabu cha chuo kikuu, na zaidi ya nne kati ya kila tano ya familia hizo asili yake ni Kilatini au Kigiriki. Orodha hii ya Coxhead ndiyo orodha pekee ningemshauri mwanafunzi wa Nakivale aishike mkononi. Mkongo na Mrundi wanaweza kuipitia kwa siku chache wakiweka alama kwenye maneno wanayoyatambua, na alama hizo zitakuwa nyingi kuliko wanavyotarajia.

Lakini wasikimbie, kwa sababu udugu huu una mitego, na baadhi ya mitego imekaa palepale ambapo watunga mitihani wanapenda kuchimba. Mifano ya kitoto, kama actuellement na actually, kila mwalimu anaionya. Iliyo hatari ni ile ya ngazi ya juu. Fastidieux kwa Kifaransa ni kitu cha kuchosha, lakini fastidious kwa Kiingereza ni mtu anayejali kila jambo dogo, mgumu kuridhika. Versatile kwa Kifaransa ni kigeugeu, na ni lawama. Kwa Kiingereza ni mtu wa vipaji vingi, na ni sifa. Candide ni asiyejua mambo ya dunia, candid ni msema kweli asiyeficha. Ingénuité ni usahili wa mtoto, ingenuity ni ubunifu wa fundi. Officieux ni habari isiyo rasmi, officious ni mtu mwenye kujipa madaraka na kuingilia yasiyomhusu. Mwanafunzi anayeziona jozi hizi kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani atachagua jibu baya kwa ujasiri mkubwa. Kila anayetegemea Kifaransa awe na kurasa maalumu za mitego hii katika daftari lake, na kila neno kwenye kurasa hizo liandikwe ndani ya sentensi nzima.

Baada ya hapo nguvu zote ziende kwenye tabaka la chini. Nikisoma mitihani ya mazoezi ya SAT naona maneno yenye asili ya Kigermaniki yakifanya kazi kubwa bila kupigiwa kelele: hinder, foster, bolster, heed, shun, wary, dearth, dwindle, thwart, forgo, outweigh. Halafu kuna viunganishi vinavyobeba mantiki ya kifungu kizima, kama albeit, nonetheless, whereas, hence na lest, na vitenzi vya maneno mawili au matatu ambavyo havifasiriki ukivivunja vipandevipande: account for, rule out, make up for, give rise to. Kifaransa hakimsaidii mtu kwenye haya. Hapa ndipo muda wa jioni unapopaswa kwenda.

Na hapa Kiswahili kinasaidia kuliko walimu wengi wanavyokubali. Kuna shule ambazo mwanafunzi akiandika maana ya neno kwa Kiswahili anakaripiwa, anaambiwa afasiri Kiingereza kwa Kiingereza. Anaandika basi "hinder: to make difficult", ufafanuzi hafifu ambao ungefaa kwa maneno kumi mengine. Kiswahili kina uwezo wa kupambanua kwa neno moja. Hinder ni kutatiza. Thwart ni kukwamisha kabisa jambo lililokuwa njiani kutimia. Heed ni kuzingatia onyo. Dwindle ni kupungua kidogo kidogo hadi kukaribia kwisha. Dearth ni uhaba. Forgo ni kujinyima kwa hiari, na hiyo hiari ni sehemu ya maana. Mwanafunzi anayetafuta neno halisi la Kiswahili analazimika kufikiri, na maana iliyofikiriwa hukaa. Wanaojua Kinyarwanda, Kirundi au Kishi wafanye hivyo kwa lugha wanayoijua zaidi. Kiingereza kirudi mara moja kwenye sentensi ya mfano, ambayo mwanafunzi mwenyewe ataitunga kutokana na maisha anayoyaona: bei ya mahindi sokoni Base Camp, ndani ya makazi, maji ya ziwa Nakivale, foleni ya mgao.

Kuhusu kusahau, elimu ipo tangu zamani. Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana saa na siku za kwanza, kisha kasi inapungua, na kwamba kurudia kwa nafasi kunasaidia kuliko kurudia kwa mfululizo. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner aliigeuza elimu hiyo kuwa kisanduku chenye vyumba. Neno linaandikwa kwenye kadi, maana nyuma. Ukilipata, kadi inasogea chumba cha mbele kinachofunguliwa baada ya siku nyingi zaidi. Ukilikosa, kadi inarudi chumba cha kwanza cha kila siku. Boksi la sabuni kutoka dukani linatosha kukata kadi mia kadhaa na kubakiza kisanduku chenyewe. Mwenye simu anaweza kutumia programu ya Anki, ambayo inafanya kazi bila intaneti, lakini sioni sababu ya kungojea simu. Maneno manane kwa siku, siku sita kwa wiki, yanafika 1,200 kwa wiki 25. Yakiwa 1,200 yaliyochaguliwa kutoka tabaka la chini na kurasa za mitego, yanamfaa mtahiniwa kuliko 3,500 ya orodha ya zamani.

Kadi zenyewe hazitoshi, na katika hili sitalegeza msimamo. Paul Nation, mtafiti wa New Zealand ambaye kazi yake ya msamiati inatumika duniani kote, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili msomaji ajue asilimia 98 ya maneno ya kitabu au gazeti la Kiingereza bila msaada, anahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Hakuna kadi zitakazobeba idadi hiyo. Familia hizo zinabebwa na kusoma, kwa sababu neno linahitaji kuonekana mara nyingi katika sentensi tofauti ndipo mipaka yake ijulikane. Asome nini? Riwaya za shule pekee hazitafikisha mtu. Things Fall Apart ya Achebe ni kazi kubwa, lakini Kiingereza chake kimekusudiwa kuwa chepesi. Vifungu vya SAT vinachanganya fasihi, historia, sayansi ya jamii na sayansi asilia, na General Paper inapenda masuala ya uchumi, siasa na mazingira. Kwa hiyo tahariri na makala za uchambuzi katika New Vision na Daily Monitor, hata toleo la wiki iliyopita lililosomwa na abiria na kuachwa mjini Mbarara, ni chakula kizuri. From Citizen to Refugee ya Mahmood Mamdani, kitabu cha 1973 kuhusu Waasia waliofukuzwa Uganda, kinafundisha msamiati wa siasa na sheria kwa lugha safi, na kijana wa Nakivale hatahitaji kuambiwa kinahusu nini. Wikipedia inapakuliwa na kusomwa bila mtandao kwa programu ya Kiwix. Mitihani kamili ya mazoezi ya SAT inatolewa bure kwenye programu ya Bluebook, na Khan Academy ina masomo yake bure. Anayepata intaneti ya uhakika kwa saa chache mjini Mbarara aitumie kwa hayo.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba Nakivale yote ilisoma Kifaransa. Sivyo. Makazi haya yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na miongoni mwa wa kwanza kuyakalia walikuwa wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yana watu zaidi ya laki moja na nusu, wakiwemo Wasomali, Waethiopia na Waeritrea ambao Kifaransa ni kigeni kwao. Kwa hawa njia ni mizizi yenyewe. Atakayejua kwamba bene ni wema, male ni ubaya, vol ni nia na dict ni kusema, atafungua benevolent, malevolent, benediction na malediction kwa pigo moja. Mizizi mia moja iliyojifunzwa vizuri inafungua milango mingi, ingawa nayo ina maneno yake ya kudanganya.

Na walimu wa mizizi hiyo wapo. Katika shule za sekondari za Kongo kuna mchepuo unaoitwa Latin-Philo, ambako kijana husoma Kilatini kwa miaka kadhaa kabla ya Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari. Watu wa mchepuo huo wapo Nakivale. Wengine walikuwa walimu. Uganda inapowapokea wanafunzi kutoka Kongo, kijana aliyekaribia kumaliza humanités, yaani sekondari ya huko, mara nyingi hurudishwa madarasa ya chini sana kwa sababu moja tu, Kiingereza. Mwalimu aliyefundisha Kifaransa au Kilatini Bukavu akibahatika anapata kazi ya msaidizi wa kutafsiri darasani. Linaniuma jambo hili. Mpango wa Elimu kwa Wakimbizi na Jamii Wenyeji uliozinduliwa na serikali ya Uganda mwaka 2018 ulitambua hitaji la madarasa ya daraja la lugha, na UNHCR imejiwekea lengo la kufikisha asilimia 15 ya vijana wakimbizi katika elimu ya juu ifikapo 2030. Madarasa hayo ya daraja yanapoanza na alfabeti ya Kiingereza kwa mtu anayesoma Kifaransa cha magazeti, yanakula mwaka mzima wa maisha yake bila sababu. Yangeanza na orodha ya Coxhead na ukurasa wa mitego, na yangeongozwa na hao wa Latin-Philo wakishirikiana na mwalimu Mganda, safari ingefupika sana.

Nimesema mwalimu Mganda kwa makusudi. Mtoto wa Kinyankole katika shule hizohizo amefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Wasteful anaijua, hinder anaijua, make up for anaitumia akicheza mpira. Kinachomsumbua katika General Paper ni ephemeral na superfluous. Kwa hiyo wanaokaa benchi moja, Mkongo na Mnyankole, kila mmoja ana nusu ambayo mwenzake anaitafuta, na mara nyingi wanasoma kila mmoja kivyake, huyu na orodha yake na yule na yake. Mwalimu awape ukurasa mmoja wa tahariri wausome pamoja. Kila mmoja apigie mstari asichokijua kabla ya kuuliza, wafafanuliane, kisha kila mmoja aandike aya moja kwa maneno aliyopewa na mwenzake, naye mwenzake aisahihishe. Dakika arobaini zinatosha, mara tatu kwa wiki. Mwezi wa mwisho kabla ya mtihani kadi mpya zisimame, na benchi hilohilo lifanye mitihani ya mazoezi kwa muda kamili wa mtihani, likikagua baada ya kila mtihani ni mara ngapi lilikwama kwa neno, na mara ngapi lilikwama kwa kutokusoma but iliyokuwa mbele yake.